Konokono wa Ziwa Tanganyika (ugunduzi na uainishaji)

Konokono wa Ziwa Tanganyika ni kundi la konokono wa maji baridi ambao wengi wao hawapatikani penginepo duniani.

Mpelelezi John Hanning Speke aliokota magamba ziwani mwaka 1858, alipofika Ujiji pamoja na Richard Burton. Mwaka uliofuata Samuel Woodward wa London aliyaeleza kisayansi. Konokono mmojawapo, mwenye gamba nene la mviringo na mdomo mpana, hung'ang'ania miamba inayopigwa na mawimbi. Leo anaitwa *Spekia zonata*. Mwaka 1880 Edgar Smith alimpa mwingine, mwenye miiba mirefu, jina *Tiphobia horei*, kwa heshima ya Edward Hore, baharia mmisionari wa Ujiji.

Magamba hayo mazito yenye miiba na mbavu yanafanana mno na ya baharini. Mwanazoolojia J.E.S. Moore, aliyefanya safari mbili ziwani miaka ya 1890, alishikilia kuwa ziwa ni mabaki ya bahari ya kale. Hoja yake haikudumu. Ziwa lina umri unaokadiriwa kuwa miaka milioni 9 hadi 12, muda wa kutosha kwa konokono kubadilika humohumo, tena wakiwindwa na kaa wenye magando ya kuvunja magamba.

Jenasi *Lavigeria* ndiyo iliyowatesa wataalamu zaidi. Mfaransa Bourguignat, mwishoni mwa karne ya 19, alitoa jina jipya karibu kwa kila tofauti ya umbo. Waliomfuata walifuta mengi, wakabakiza spishi chache kupita kiasi. Uchunguzi wa utando wa meno, mimba (jike huzaa watoto wenye magamba tayari) na vinasaba ulionyesha kuwa spishi ni nyingi kweli, ila mipaka yake siyo aliyoichora Bourguignat. Gamba tupu la ufukweni mara nyingi halitoshi kumtambulisha konokono, nalo laweza kuwa limesukumwa na maji kutoka mbali. Kwa hiyo mtafiti wa sasa humtoa akiwa hai, huandika mahali, kina na aina ya sakafu, humhifadhi katika spiriti, kisha huweka sampuli kielelezo makumbusho ili wengine waikague.