Neno la leo: Kupatana

Chukua kitenzi pata, kipachike kiambishi -an- cha kutendana: patana. Kila mmoja anampata mwenzake. Sokoni, mteja na muuza vitenge wakishavutana bei, husema: "Haya, tumepatana." Mmoja kapunguza, mwingine kaongeza, na kesho mteja atarudi.

Kazini ni hivyo hivyo. Tanzania, mgogoro ukifikishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kwa kawaida hupewa siku 30 za usuluhishi kwanza. Uamuzi hufuata wahusika wakishindwa kuelewana. Mpangilio huo una hekima. Mwamuzi humpata mshindi. Mpatanishi huwafanya wawili wapatane.

Ukikosana na mwenzio, usianze na "Nani mkosa?" Anza na: "Ndugu yangu, tupatane vipi?"