Bendi, bando na kasi

Neno "broadband" lilifika Mugumu, makao makuu ya wilaya ya Serengeti, kabla ya kitu chenyewe kuzoeleka majumbani. Katikati ya miaka ya 2000, Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, ilishirikiana na Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na chuo cha teknolojia cha KTH cha Stockholm kujenga mtandao wa majaribio katika wilaya za Bunda na Serengeti, mkoani Mara. Sweden ilitia mkono kwa msaada wake. Walengwa wa kwanza walikuwa hospitali, shule na ofisi za halmashauri, na mtandao ukapewa jina la Kiingereza: Serengeti Broadband Network.

Neno la kwanza katika jina hilo halikuhitaji mkalimani. La mwisho lilikuwa tayari na Kiswahili chake, mtandao. Kazi ilikuwa kwa lile la katikati. Mwalimu wa sekondari akiuliza "broadband" ni nini, ajibiwe vipi?

Jibu lililozoeleka nchini Tanzania, magazetini, kwenye hotuba za mawaziri na kwenye mabango ya kampuni za simu, ni "intaneti ya kasi", au "mtandao wenye kasi". Tafsiri hiyo si ya kubezwa. Inatamkika, inaeleweka kwa mzee na kwa mtoto, na inasema jambo ambalo mtumiaji analiona kwa macho yake. Lakini inasema nusu tu, na nusu iliyoachwa ndiyo inayomfanya mtu wa Tarime, katika mkoa huohuo wa Mara, alipie huduma asiyoielewa. Neno la Kiingereza halitaji kasi hata kidogo. Linataja upana: bendi pana.

Bendi si mgeni kwa Waswahili. Kabla ya simu za mkononi, watu wa Mara waliofuatilia habari za dunia walizungusha kitufe cha redio wakitafuta idhaa za masafa mafupi, na mtangazaji aliwaambia wamsikilize katika mita bendi fulani. Kila idhaa ilikuwa na kipande chake cha masafa, na jirani yake akikisogelea mno, sauti mbili ziligombana spikani. Msikilizaji huyo hakuwahi kusoma fizikia, lakini alikuwa tayari ameshika kiini cha jambo: bendi ni eneo. Lina mwanzo na mwisho, na linaweza kuwa jembamba au pana.

Waya wa simu ya mezani ulikuwa na bendi nyembamba kwa makusudi. Mitambo ya simu ilipitisha mitetemo ya kati ya hezi 300 na 3,400 hivi, kwa sababu hiyo inatosha kumtambua shangazi anayepiga kutoka Musoma na kuelewa anachosema. Intaneti ya mwanzo ililazimika kujibana ndani ya eneo hilohilo. Modemu iligeuza data kuwa sauti, ile milio ya kukwaruza ambayo aliyewahi kuisikia haisahau, na ikaipitisha palepale ambapo sauti ya shangazi ingepita. Ndiyo maana mtu akiwa kwenye intaneti simu ya nyumbani haikuingia, na malipo yalihesabiwa kama simu iliyopigwa: dakika kwa dakika.

Teknolojia iliyofuata, ADSL, haikubadilisha waya. Ilitumia sehemu ya waya uleule iliyokuwa imelala, mitetemo ya juu ya sauti ya mtu, hadi kufikia megahezi 1.1. Kichujio kidogo kiliwekwa ukutani ili sauti iende simuni na data iende kwenye modemu. Simu ikaweza kulia huku intaneti ikiendelea, wala hakukuwa na haja ya kupiga namba ndipo uunganishwe. Hapo ndipo neno la upana lilipostahili. Shaba haikukimbia zaidi ya jana. Bendi iliyotumika ilikuwa pana zaidi.

Kwa Wakurya wa Tarime na Serengeti, tofauti hii inaelezeka bila kompyuta. Kijana anafungua zizi asubuhi. Lango likiwa jembamba, ng'ombe hutoka mmoja mmoja, wengine wakisubiri nyuma na kupigana pembe. Lango likipanuliwa watoke sita kwa pamoja, zizi linakuwa tupu mapema, na mama aliyesimama mbali atasema ng'ombe wa leo wana kasi. Hakuna ng'ombe aliyeongeza mwendo. Kasi aliyoiona mama ni matunda ya upana wa lango.

Hesabu yake ni rahisi kufuata. Wimbo mmoja wa megabaiti 5 una megabiti 40, kwa kuwa baiti moja ni biti nane. Modemu bora ya simu ya mezani ilipitisha kilobiti 56 kwa sekunde, kwa hiyo wimbo huo ulihitaji dakika 12 hivi, endapo laini haikukatika njiani. Kwenye njia ya kilobiti 256, unahitaji dakika mbili na nusu na ushei. Kwenye megabiti 1, sekunde 40. Wauzaji huandika biti, mafaili huhesabiwa kwa baiti, na mteja asiyeijua ile nane iliyo katikati hubaki akidhani ameibiwa.

Mtu anaweza kusema: upana, kasi, kuna ubaya gani kuviita kwa jina moja ikiwa matokeo yanafanana? Ubaya unaonekana kwenye dishi. Kabla ya kebo za baharini, hoteli za kitalii ndani ya hifadhi ya Serengeti na taasisi zenye uwezo zilipata intaneti kwa setilaiti. Setilaiti ya mawasiliano ya aina hiyo hukaa kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta. Ombi hupanda hadi huko na kushuka, jibu hupanda na kushuka tena, na safari nzima hula kama nusu sekunde hata mawimbi yakienda kwa mwendo wa mwanga. Mteja anaweza kununua bendi pana kadiri ya mfuko wake, na nusu sekunde ile ikabaki palepale. Barua pepe haiumii. Mazungumzo ya sauti yanaumia, kila mmoja akimkatiza mwenzake bila kukusudia. Hii ni njia pana yenye ucheleweshaji mkubwa, na kuiita "intaneti ya kasi" ni kuficha nusu ya ukweli. Ndani ya uzi wa kioo, yaani faiba, kinyume chake, mwanga husafiri kilomita 1,500 kwa chini ya sehemu moja ya mia ya sekunde.

Na kioo ndicho kilichoufanya mradi wa Bunda na Serengeti uwe wa pekee. Mtandao ule ulitegemea nyuzi za kioo zilizokwenda pamoja na njia ya umeme ya TANESCO. Kwa asiyezoea, wazo hilo linatisha: umeme na mawasiliano kwenye nguzo moja? Ila kioo hakipitishi umeme, wala mwanga uliomo haubughudhiwi na usumaku wa waya wa jirani. Shirika la umeme lenyewe huhitaji nyuzi hizo ili mitambo yake iwasiliane, na uzi mmoja, mwembamba kama unywele, hubeba zaidi ya mahitaji yake yote. Kinachozidi kinaweza kugawiwa hospitali ya Mugumu.

Mhandisi Mtanzania Amos Nungu, ambaye baadaye aliongoza COSTECH, aliandika tasnifu yake ya udaktari ya mwaka 2011 pale KTH juu ya suala hilohilo: namna ya kuzifanya huduma za bendi pana zidumu mahali palipoachwa nyuma, kwa kutumia Tanzania kama mfano. Neno zito hapo ni "zidumu". Kutandaza nyuzi ni kazi ya miezi. Kumpata atakayelipia umeme wa vifaa, fundi atakayepanda nguzo na fedha za kununua njia ya kutokea nje ya wilaya ni kazi ya kila mwezi, na haina sherehe ya uzinduzi.

Njia ya kutokea nje ndiyo iliyokuwa lango la mwisho. Ndani ya wilaya, kioo kingeweza kupitisha data kama mafuriko. Lakini hadi katikati ya mwaka 2009 Tanzania haikuwa na kebo ya baharini iliyoiunganisha na dunia, na karibu data zote za kwenda ng'ambo zilipanda setilaiti kwa bei ya juu. Zizi la ndani pana, lango la nje tundu la sindano. Tarehe 23 Julai 2009 kebo ya SEACOM ilizinduliwa, ikiwa na kituo chake Dar es Salaam, na EASSy ikafuata mwaka 2010. Mwaka huohuo wa 2009 serikali ilianza kujenga njia kuu ya nyuzi za kioo ya nchi kavu, iliyokabidhiwa shirika la simu la TTCL kuiendesha.

Njia hiyo ilipata jina ambalo Kiswahili kinaweza kujivunia: Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano. Jina lake la Kiingereza linazungumzia uti wa mgongo, na lina ile "broadband" ndani yake. Kiswahili kiliacha yote mawili kikachukua mkongo. Masikio ya wengi husikia hapo mkonga wa tembo, kitu kirefu kinachofika mbali na kunyonya. Seremala naye atakumbuka mti wa mbao ngumu wenye jina hilo. Kwa vyovyote vile neno lilishika. Leo mtu wa Tarime anaposema "mkongo umekatika", hakuna anayeuliza maana. Huo ni ushahidi kwamba istilahi ngeni hupokewa ikipewa umbo linaloonekana, na ndio unaotia moyo wa kudai kwamba upana nao usitupwe.

Wakati huo, nyumba nyingi za Tarime na Mugumu hazikuwa na waya wa simu wa kuanzia. Kwao intaneti ya nyumbani haikuja kwa ADSL. Ilikuja kwa modemu ndogo ya kuchomeka kwenye kompyuta, yenye laini ya simu tumboni, na baadaye kwa simu ya kiganjani. Na pamoja nayo likaja neno lililofunika mengine yote: bando.

Bando limetoka kwenye neno la Kiingereza lenye maana ya furushi, na tafsiri yake ya staha ipo, kifurushi. Halina undugu na bendi, japo sauti zao zimekaribiana kiasi cha kumchanganya mtu. Kununua bando ni kununua ujazo: megabaiti kadhaa, gigabaiti kadhaa, kwa siku au kwa mwezi. Mwenye bando kubwa kwenye njia nyembamba ni kama mwenye pipa zima la maji linalotoka kwa mrija wa soda. Maji anayo. Kunywa kwake ndiko kunakochelewa. Mteja wa namna hiyo akilalamika kwamba mtandao "unazunguka", huongezewa bando. Ameuliza upana akauziwa ujazo, na kwa kuwa lugha ya dukani ina neno moja tu, hata mhudumu mwema hana namna ya kumsaidia.

Sirari, mji wa mpakani wilayani Tarime, inaonyesha mkanganyiko wa aina nyingine. Pale mpakani, simu hudaka minara ya Kenya kutoka Isebania, ng'ambo ya mpaka, na kumkaribisha mwenyewe nchi ambayo hajaingia. Vistari vya netiweki vinajaa juu ya kioo cha simu, na bado ukurasa haufunguki. Vistari vile hupima nguvu ya mawimbi kati ya simu na mnara basi. Havisemi mnara umeungwa kwa njia ya upana gani, wala ni watu wangapi wanaugawana mnada unapochangamka. Mawimbi yenye nguvu na njia pana ni habari mbili tofauti.

Kwa hiyo Kiswahili cha intaneti kinahitaji maneno manne yasiyopokonyana kazi. Ujazo ni kiasi kilichonunuliwa, na bando linatosha hapo. Upana ni kiasi kinachopita kwa sekunde. Wataalamu wa istilahi wameshaweka "kipimodata", neno sahihi ambalo dukani halijapata miguu. Ucheleweshaji ni muda wa kwenda na kurudi. Na kasi ibaki kuwa hisia ya jumla ya mtumiaji, inayozaliwa na hayo mawili ya katikati. Kwa huduma yenyewe, "masafa mapana" linawapendeza wahandisi, ila masafa kwa wengi bado ni umbali, na msikilizaji anaweza kudhani linahusu intaneti inayofika mbali. "Intaneti pana" ni jepesi, lina upatanisho wa kawaida wa ngeli, na halihitaji maelezo ya chini ya ukurasa.

Faida yake haiko kwenye kamusi peke yake. Sasa faiba inaingia majumbani katika miji mingi nchini, na wauzaji wanataja megabiti kwa sekunde kwa watu waliokulia kwenye gigabaiti kwa wiki. Njia inayouzwa nyumba moja mara nyingi hugawanywa na nyumba nyingi mbele ya safari, na hujaa jioni, kila mtu akiwa amerudi kutoka shambani, dukani na kazini. Mteja wa Tarime anayejua neno kasi tu ataambiwa kasi ipo. Mwenye neno upana atauliza: upana huu ninaouziwa tunaugawana nyumba ngapi, na saa mbili usiku zinabaki megabiti ngapi kwangu? Maswali hayo yote mawili yana jibu la namba, na anayepaswa kulitoa amekaa upande wa pili wa kaunta.