Jiko la Battle Creek na wataalamu wake wawili

Mgeni wa Sanitarium ya Battle Creek, Michigan, mwanzoni mwa karne ya 20, aliletewa orodha ya vyakula mezani kama yuko hotelini. Ila hapa kila chakula kilikuwa na hesabu pembeni: kalori za protini, za mafuta, za wanga. Daktari alishamwandikia kiasi chake cha siku, kilichobaki ni yeye kujumlisha. Nyama hakuna. Chai na kahawa hakuna. Pombe usiulize.

Aliyeweka masharti hayo ni Dakta John Harvey Kellogg, aliyekabidhiwa hospitali hiyo ya Wasabato mwaka 1876, miaka 10 baada ya kufunguliwa. Kwake chakula, jua, maji, mazoezi na usingizi vilikuwa dawa moja. Kutibu tumbo bila kugusa maisha ya mwenye tumbo aliona ni kupoteza muda. Wanaojiita leo watabibu wa lishe asilia wanasema maneno hayo hayo, wengi bila kumjua. Kuhusu nyuzinyuzi na bakteria wa utumbo alikuwa mbele ya wenzake. Kuhusu enema alipitiliza, na uzeeni akazama katika nadharia za kuchuja uzao wa binadamu, doa ambalo mashabiki wake hupenda kuliruka. Nafaka za boksi zenye jina la familia ni habari ya mdogo wake, Will, aliyefungua kiwanda mwaka 1906.

Humo humo jikoni ndimo alimokulia kikazi Lenna Frances Cooper. Alisomea uuguzi hapo, kisha akaongoza chuo cha hospitali kilichofundisha mapishi na lishe. Alichokitoa kwa Kellogg ni ile karatasi ya hesabu. Mahubiri aliyaacha. Oktoba 1917, Marekani ikiwa vitani na chakula kikibanwa, yeye na Lulu Graves waliwakusanya wenzao Cleveland, Ohio, wakaunda chama cha wataalamu wa lishe tiba. Mwaka uliofuata Cooper alikuwa msimamizi wa kwanza wa kazi hiyo katika jeshi la nchi yake. Mgonjwa wa kisukari au wa figo akawa na mtu wa kumpimia sahani, mtu mwenye mafunzo na anayewajibika kwa hospitali.

Hivyo mtaalamu wa lishe tiba na mtabibu wa lishe asilia wanaokosoana leo, mmoja na koti jeupe na mwingine na chupa za virutubisho, walitoka jiko moja. Kinachowatenganisha, kwa maoni yangu, si mboga wanazoshauri, maana mara nyingi ni zile zile. Ni nani atawauliza wakikosea. Uingereza, cheo cha mtaalamu wa lishe tiba kinalindwa na sheria, na anayekitumia bila kusajiliwa ana kesi. Jina la mtaalamu wa lishe halilindwi hivyo, wala la mtabibu wa lishe. Kenya, kwa sheria ya mwaka 2007, ilikwenda mbali zaidi: wa lishe na wa lishe tiba wote sharti wasajiliwe na taasisi moja.

Tanzania ilianzia kwingine, kwenye utapiamlo wa watoto badala ya wageni matajiri wa sanitarium. Taasisi ya Chakula na Lishe iliundwa kwa sheria ya mwaka 1973, na mtu anayejulikana zaidi vijijini ni afisa lishe wa halmashauri, na utepe wake wa kupimia mkono wa mtoto.

Mafundisho ya Battle Creek nayo yalifika Afrika Mashariki kwa njia yake. Wamisionari Wasabato walikuwa Upare mwaka 1903, na Gendia, upande wa Kenya karibu na Ziwa Victoria, mwaka 1906. Hadi leo, kwenye makambi ya Wasabato, hakikosekani kipindi cha afya: maji ya kutosha, unga usiokobolewa, kahawa iachwe. Anayefundisha huenda ni muuguzi, huenda ni mwalimu wa shule ya msingi, huenda ni afisa lishe mwenyewe ndani ya suti ya Sabato. Waumini humwita daktari tu.