Filta ya mkaa: Inaondoa nini kwenye maji, na inaacha nini?

Maji ya kisima yamepita kwenye filta ya mkaa. Hayana harufu, yanang'aa. Je, mtoto anaweza kunywa bila wasiwasi? Kama unaishi Rungwa, Itigi au kwingineko mkoani Singida, jibu fupi ni hili: huwezi kujua mpaka yapimwe floraidi.

Singida ni miongoni mwa mikoa ambayo baadhi ya visima vyake vina floraidi nyingi, sawa na Arusha, Kilimanjaro, Manyara na Shinyanga. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita.

Mkaa wa filta ni upi?

Sio ule wa jikoni. Ni mkaa wa vifuu vya nazi, mbao au makaa ya mawe, uliopitishwa kwenye mvuke au kemikali kwa joto kali hadi ukajaa vitundu vidogo mno. Ukikunjua kuta zote za vitundu hivyo, gramu 1 tu inaweza kufikisha mita za mraba zaidi ya 500. Uchafu unanasa humo.

Ndiyo maana hata wanaofuga samaki wa mapambo kwenye matangi ya vioo huutumia kuondoa rangi ya njano na harufu.

Inachoondoa

- Klorini na harufu yake
- Rangi na ladha mbaya
- Baadhi ya viuatilifu na kemikali nyingine

Inachoacha

- Chumvi
- Floraidi, kwa sehemu kubwa
- Vijidudu. Usiitegemee peke yake kuzuia kipindupindu au homa ya matumbo

Vitundu vikijaa, filta haifanyi kazi tena, hata kama maji bado yanatoka vizuri. Mkaa uliokaa muda mrefu unaweza hata kuwa makazi ya bakteria. Badilisha kwa muda ulioandikwa na mtengenezaji.

Kwa nini floraidi ni ishu?

Haina rangi wala harufu, kwa hiyo kwa macho huioni. Ikizidi, meno ya kudumu ya mtoto huota yakiwa na madoa ya kahawia, kwa sababu huharibika yakiwa bado yanajitengeneza ndani ya fizi. Madoa hayo hayatoki kwa mswaki. Ikizidi sana kwa miaka mingi, mifupa na viungo hukakamaa.

Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini floraidi haitoki. Maji yakipungua kwa mvuke, yanayobaki yanakuwa nayo nyingi zaidi.

Mkaa unaoweza kuiondoa

Upo: mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, mkoani Arusha, chini ya Wizara ya Maji, kimeufanyia kazi kwa miaka mingi. Mifupa huchomwa kwenye tanuri lenye hewa kidogo, husagwa, kisha maji hupitishwa humo. Hapa kinachofanya kazi zaidi ni madini ya mfupa, ambayo huishika floraidi.

Usijaribu kuutengeneza nyumbani. Joto likiwa dogo, maji yatanuka. Likizidi, mkaa unapoteza nguvu. Nao pia huchoka, hivyo maji yake lazima yapimwe mara kwa mara.

Ufanye nini sasa?

1. Ulizia ofisi ya RUWASA ya wilaya yako kama kisima mnachotumia kimepimwa floraidi.
2. Kama ipo nyingi, tenga maji ya mvua kwa ajili ya kunywa na kupikia watoto. Huwa na floraidi kidogo sana. Yavune kwenye paa safi, yafunike, yachemshe.
3. Punguza magadi kwenye makande na maharage. Baadhi yana floraidi nyingi.
4. Ukinunua filta, muulize muuzaji: "Inaondoa floraidi?" Asipokuonyesha majibu ya maabara, chukulia kwamba haiondoi.