Korona na moyo: yaliyowakuta akina Davies na Aubameyang

Wadau, naona wengi bado wanaamini korona ni ugonjwa wa mapafu basi. Sasa kumbukeni Januari 2022. Alphonso Davies wa Bayern Munich, yule dogo mwenye mbio balaa, alisimamishwa mazoezi baada ya vipimo kuonyesha msuli wa moyo wake umevimba kidogo. Alikuwa ametoka kuugua korona. Mwezi huo huo kule Kamerun, kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika, Aubameyang, Lemina na Meyé wa Gabon walizuiwa kucheza na Ghana, kisa majibu ya vipimo vya moyo. Aubameyang alipimwa tena London, akasema moyo uko fiti, akahamia Barcelona. Davies alikaa nje hadi Aprili.

Inakuwaje? Kirusi huingia kwenye seli kwa kushika kipokezi kiitwacho ACE2, nacho kipo kwenye mapafu, moyo na mishipa ya damu. Ila msidhani mara zote ni kirusi chenyewe kinachotafuna moyo. Mara nyingi ni kinga ya mwili imechachamaa: uvimbe unasambaa, damu inaganda hovyo, na mapafu yakizidiwa oksijeni inapungua. Moyo unalazimishwa kupiga kwa nguvu wakati wenyewe una njaa! Ndio maana mahospitalini hupima troponini, protini inayovuja kwenye damu seli za moyo zikiumia. Mgonjwa aliyelazwa akikutwa nayo juu, ujue hali yake ni ya hatari zaidi.

Na baada ya kupona je? Februari 2022 watafiti wa St. Louis, Marekani, walitoa matokeo ya maveterani wa jeshi zaidi ya 150,000 waliougua. Ndani ya mwaka mmoja, moyo kushindwa kufanya kazi uliongezeka kwa asilimia 72 kuliko kwa wasiougua. Inatisha, lakini ukiigeuza hesabu ni kama watu 12 wa ziada katika kila 1,000. Tena wengi wao ni wazee wa kiume, sio vijana kama sisi. Kilichonishtua mimi ni kwamba hata ambao hawakulazwa hatari yao ilipanda.

Najua kuna mtu ataleta habari ya chanjo. Ni kweli, chanjo za Pfizer na Moderna zinaweza kuvimbisha msuli wa moyo, hasa kwa vijana wa kiume baada ya dozi ya pili. Ni mara chache sana na wengi hupona. Kuugua korona yenyewe kunauletea moyo madhara mengi zaidi.

Kwa hiyo kama umetoka kuugua halafu kifua kinabana, moyo unaenda mbio umekaa tu, au unazimia, usijitibu kwa tangawizi. Nenda hospitali wakupime ECG. Ukikutwa msuli umevimba, mpira na gym unaacha, kwa kawaida miezi 3 hadi 6, mpaka daktari akuruhusu.