Mbwa Anapobadili Mwenyewe
(Somo la Historia kwa Madarasa ya Watu Wazima)

Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya manne: mwenyewe, chanjo, cheti, kichaa. Wanafunzi wayasome mara mbili kwa sauti, kwani leo watayasikia mara nyingi.

Huenda mmoja wenu anacheka moyoni. Historia ya mbwa! Tumezoea kusoma habari za masultani, za Wajerumani, za vita vya Maji Maji. Lakini historia ni habari za mambo waliyoyafanya watu, na katika mambo hayo mna wanyama waliokaa nao nyumbani. Swali la leo ni hili: mtu akiwa hawezi tena kumweka mbwa wake, mbwa huyo huenda wapi? Swali hili lina jibu la zamani na lina jibu la sasa, na tofauti baina ya majibu hayo imewagharimu watu maisha yao.

Tuanze na neno lenyewe. Sisi twasema mbwa. Waganda husema embwa. Wanyarwanda husema imbwa. Washona wa Zimbabwe, mbali kabisa na hapa, nao husema imbwa. Neno likifanana hivyo katika lugha zilizotengana kwa umbali mkubwa, wenye elimu ya lugha hutuambia kwamba wazee wa lugha hizo walikuwa nalo kabla ya kutengana. Ndiyo kusema Wabantu walipokuwa wakihama na kusambaa katika Afrika, zamani sana, mbwa walikwenda nao.

Sasa tazameni ramani ya Mkoa wa Pwani. Kutoka Dar es Salaam, fuateni barabara ya Morogoro kiasi cha kilomita 40; hapo ndipo Kibaha. Rudini, kisha elekeeni Pugu na kupanda vilima. Hapo ndipo Kisarawe, na mbele yake Masaki, Msanga na Maneromango. Hii ni nchi ya Wazaramo. Ni nchi ya mihogo, mikorosho na minazi, na mwenye mihogo anamjua adui yake: nguruwe wa porini. Nguruwe huja usiku, na asubuhi shamba lote limefukuliwa. Basi mbwa hapa hakuwa pambo la nyumba. Alikuwa na kazi mbili, kulinda na kuwinda.

Lakini wengi wa watu wa pwani ni Waislamu, na baadhi yenu mtauliza: si mbwa ni najisi? Ni swali la haki, nami nitalikalia kidogo, kwa kuwa watu wengi hulijua nusu tu. Msafiri Ibn Battuta alipofika pwani hii mwaka 1331 alikuta Waislamu wakifuata madhehebu ya Shafi, na mpaka leo ndiyo madhehebu ya wengi hapa. Katika madhehebu hayo, chombo kilicholambwa na mbwa huoshwa mara saba, na mara moja katika hizo kwa udongo. Hata hivyo, kumweka mbwa wa kuwinda au wa kulinda shamba na mifugo kumeruhusiwa. Kurani yenyewe, katika sura ya Al-Maida, inaruhusu nyama iliyokamatwa na mnyama aliyefundishwa kuwinda. Na katika sura ya Al-Kahf yumo mbwa aliyelala mlangoni mwa pango pamoja na vijana waumini.

Kuna jambo moja zaidi, nalo ndilo kiini cha somo letu. Kwa madhehebu ya Shafi, mbwa hauzwi. Kuuza mbwa si biashara halali. Lakini mwenye mbwa anaweza kumwachia mwingine, yaani kuondoa mkono wake juu yake ili mwenzake aweke mkono. Kwa hiyo anayeifuata sheria hiyo hatapeleka mbwa sokoni kama mbuzi. Atamtoa kwa mkono, kwa mtu anayemjua, mwenye haja naye. Mimi naona hekima katika jambo hili. Kitu cha kuuza waweza kumpa yeyote mwenye fedha, usimtazame usoni. Kitu cha kumwachia mtu, hapana budi umjue anayekipokea.

Huko Ulaya mambo yalikwenda kwa njia nyingine. London ilikuwa mji mkubwa mno, jirani hamjui jirani, na mbwa waliotupwa walijaa njiani. Mwaka 1860 mwanamke mmoja, Mary Tealby, alifungua nyumba ya kuwapokea kwa muda mbwa waliopotea na wenye njaa. Watu walimcheka, hata magazetini. Nyumba ile ilihamia mtaa wa Battersea mwaka 1871, na hata leo inawatafutia mbwa wenyewe wapya. Mji ule ulihitaji nyumba maalumu kwa sababu ukoo na ujirani ulikuwa umelegea. Huku kwetu, kazi hiyo ilifanywa na mjomba, shemeji na jirani.

Basi, ni kitu gani kilichobadilika kwetu? Kwanza, makazi. Zamani nyumba nyingi za Uzaramo zilikaa mbali mbali, kila nyumba katika shamba lake. Mwaka 1973 TANU iliamua kwamba watu wote wa mashambani wawe wanaishi katika vijiji ifikapo mwisho wa 1976. Mamilioni ya watu wakahama. Nyumba zikawa karibu karibu, na mashamba ya wengi yakawa mbali. Mbwa aliyemlinda nguruwe asiingie shambani sasa alilala kijijini, katikati ya watoto wa watu wengine.

Pili, kazi za mshahara. Mwaka 1963 nchi za Nordic zilianzisha pale Kibaha kituo cha elimu, afya na mafunzo ya wakulima. Mwaka 1970 kituo kilikabidhiwa kwa serikali yetu, kikawa Shirika la Elimu Kibaha. Baadaye Kibaha ikawa makao makuu ya mkoa. Walimu, wauguzi na makarani wakaja, na mfanyakazi wa serikali leo yuko hapa, kesho amehamishwa. Kabati na kitanda hupakiwa kwenye lori. Na mbwa je? Wengine humpeleka kwa ndugu. Wengine hufunga mlango wakaenda zao.

Tatu, na hili ndilo kubwa, ni kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu huingia kwa mate ya mnyama mgonjwa anapouma. Dalili zikishamtokea mtu, dawa ya kumponya hakuna; karibu wote hufa. Lakini kabla ya dalili, chanjo huokoa. Tarehe 6 Julai 1885, huko Paris, Louis Pasteur alimchanja mtoto wa miaka tisa, Joseph Meister, aliyeumwa vibaya na mbwa. Mtoto akapona, akakua, na baadaye akawa mlinzi wa taasisi ya Pasteur. Tangu hapo watu wanajua kwamba kifo hiki chaweza kuzuiliwa. Hata hivyo, hesabu iliyochapishwa mwaka 2002 ilikadiria kwamba Tanzania ilikuwa ikipoteza watu wapatao 1,500 kila mwaka kwa ugonjwa huu. Wengi walioumwa walikuwa watoto.

Watu wengi hudhani ugonjwa unaletwa na mbwa koko wasio na mwenyewe, na kwamba dawa yake ni risasi au sumu. Wachunguzi walikwenda Iringa kuhesabu mbwa, wakachapisha habari zao mwaka 2012. Mbwa wasio na mwenyewe kabisa hawakufika hata mmoja katika mia. Mbwa unayemwona jalalani mchana, usiku ana mlango wake wa kulala. Na kuua mbwa ovyo hakujasaidia. Katika kisiwa cha Flores, Indonesia, kichaa kiliingia mwaka 1997 kwa mbwa walioletwa na wavuvi. Mbwa wengi mno waliuawa, lakini ugonjwa haukutoka. Wajapani walifanya vingine. Sheria yao ya mwaka 1950 iliagiza kila mbwa aandikishwe kwa jina la mwenyewe na achanjwe. Mwaka 1957 kichaa kilikuwa kimekwisha Japani.

Nasi tulijaribu. Toka 2010 hadi 2015, Shirika la Afya Duniani, kwa fedha za mfuko wa Gates, lilishirikiana na serikali kuchanja mbwa katika wilaya 28: za Dar es Salaam, Pwani, Morogoro, Lindi na Mtwara, pamoja na kisiwa cha Pemba. Kibaha na Kisarawe zilikuwa ndani ya eneo hilo. Shabaha ni kuchanja mbwa 70 katika kila 100. Wakifika hapo, ugonjwa hukosa njia. Lakini mbwa hufa na wengine huzaliwa, kwa hiyo chanjo hurudiwa kila mwaka.

Sikilizeni sasa habari ya Pemba. Kufikia 2014 kichaa kilikuwa kimetoweka kisiwani. Mwaka 2016 kikarudi, na uchunguzi wa virusi ulionyesha kilitoka nje ya kisiwa. Mbwa hawezi kuogelea kutoka bara hadi Pemba, jamani! Ni mtu aliyemvusha. Ilibidi kuchanja tena kwa bidii mpaka 2018 ndipo kikatoweka mara ya pili. Safari ya mbwa, kutoka mkono huu kwenda mkono ule, iliharibu kazi ya miaka.

Hapo ndipo jibu la zamani halitoshi tena. Kumjua anayempokea ni kuzuri, lakini sasa yeye naye hana budi kumjua mbwa. Tuchukue mfano wa karani wa Maili Moja, Kibaha, aliyehamishwa. Amekwenda Masaki, Kisarawe, kwa mjomba wake.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Habari za Maili Moja?"

"Njema, mjomba. Ila nimepata uhamisho, naenda Mtwara, na nyumba niliyoipata haina ua. Nimeona nikuletee Simba."

"Nguruwe wamenimalizia mihogo, mbwa namtaka. Lakini niambie kweli. Mbona unatoa mbwa mzuri? Ameuma mtu?"

"Hajauma mtu, mjomba."

"Na cheti cha chanjo anacho?"

"Anacho. Alichanjwa mwaka huu, hiki hapa."

Mjomba huyu ameuliza vizuri kuliko wasomi wengi. Kwanza, ameuliza kama mbwa ameuma. Mbwa aliyemuuma mtu hafai kupewa mtu mwingine, wala kuuawa haraka, wala kufukuzwa. Hufungwa mahali salama akaangaliwa kwa siku 10. Mbwa aliyekuwa tayari na kichaa katika mate alipouma, katika siku hizo ataugua na kufa. Akiwa mzima baada ya siku ya kumi, meno yake hayakutia kichaa siku ile. Aliyeumwa yeye hangoji hata siku moja: huosha jeraha kwa maji na sabuni dakika 15, kisha huenda hospitali mara moja. Ukimtoa mbwa siku ya tatu akaenda kijiji kingine, umemnyima daktari habari, na umepeleka hatari kwa watoto wasioijua.

Pili, ameuliza cheti. Kichaa chaweza kujificha katika mwili wa mbwa wiki kadhaa, hata miezi, naye anakula na kucheza kama kawaida. Macho ya mjomba hayawezi kuona hilo. Asiyechanjwa hupelekwa kwanza kwa bwana mifugo, au afisa mifugo kama aitwavyo sasa, na baada ya sindano huangaliwa nyumbani kwa wiki chache kabla ya kuhama. Hata watoto wa mbwa huchanjwa. Msingoje wakue, kwani ndio wanaogawiwa zaidi, mmoja kwa shemeji, mwingine kwa fundi, mwingine kwa mwalimu wa shule.

Mjomba ana la kufanya pia. Mbwa hukumbuka kwao, akapewa nafasi hukata kamba kurudi. Naye kutoka Masaki akashika njia ya Kibaha ataishia barabarani. Basi afungwe siku za mwanzo, alishwe na mtu yule yule, aitwe kwa jina lake la zamani. Tukiwa na Sheria ya Ustawi wa Wanyama, namba 19 ya mwaka 2008, kumtunza si hisani tu. Mwenye mnyama ana wajibu. Na kama ndugu wa kumpokea hapatikani kabla ya siku ya safari, jirani aombwe amlee kwa muda, huku chakula kikilipiwa. Hilo ni jema kuliko kufunga mlango na kuondoka.

Sasa kalamu na daftari. Mwalimu atawasomea barua hii polepole, nanyi mtaiandika. Mahali penye nukta jazeni wenyewe.

"Masaki, Kisarawe. Tarehe …… Mimi …… wa Maili Moja, Kibaha, leo nimemwachia mjomba wangu …… mbwa wangu dume, rangi ya kahawia, mwenye doa jeupe kifuani. Jina lake Simba. Alichanjwa kichaa tarehe …… Hajamuuma mtu. Cheti chake nimekitoa mkononi mwa mjomba. Chanjo nyingine ni tarehe …… Sahihi ya mtoaji …… Sahihi ya mpokeaji …… Shahidi, mwenyekiti wa kitongoji ……"