Walimu wa Chekechea Waliotoka Mtaani

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, viongozi wa Kiislamu wa pwani ya Kenya walimfikishia Aga Khan, kiongozi wa Waislamu wa Ismailia, kilio cha wazazi: watoto wao hawapati nafasi katika shule nzuri za msingi. Chuoni watoto walisoma Kurani, lakini chekechea za kuwaandaa kwa darasa la kwanza bila kuwatoa katika dini na lugha ya kwao zilikuwa adimu.

Kazi ya kuanzisha chekechea za aina hiyo akakabidhiwa Bi Swafiya Said, mwalimu aliyeheshimika mjini Mombasa. Mwaka 1986 chekechea ya kwanza ya mpango wa Madrasa ilifunguliwa hapo Mombasa, na walimu hawakutafutwa mbali. Walikuwa wanawake wa mitaa ileile, wengi wao bila cheti chochote cha ualimu.

Walifundwa kazini, mkufunzi akiwafuata darasani. Walisomeshwa mbinu za HighScope kutoka Marekani, zinazompa mtoto nafasi ya kuchagua kazi yake na kuishika kwa mikono, na papo hapo wakatakiwa walete walichokuwa nacho: nyimbo, hadithi, vitendawili, michezo. Vifaa vya kujifunzia vilitokana na vifuu, makombe ya baharini na vizibo vya soda.

Utajiri huo haukuwa mdogo. Tazama mdako, mchezo wa wasichana wa pwani. Mchezaji anarusha kijiwe juu, na kabla hakijashuka anazoa vijiwe vingine kutoka shimoni. Kisha anarusha tena na kuvirudisha, akibakisha kimoja nje. Mzunguko unaofuata anabakisha viwili, halafu vitatu. Humo mna kuhesabu, kutoa, wepesi wa jicho na mkono, na subira ya kungoja zamu. Mwanamke aliyekulia mchezoni humo aliingia mafunzoni tayari ana somo la hesabu.

Serikali ya Kenya nayo ilishika njia hiyo. Kituo cha taifa cha elimu ya awali, NACECE, kilichoanzishwa mwaka 1984, kilihimiza wakufunzi wa wilayani kukusanya hadithi, nyimbo na mafumbo katika lugha za wenyeji.

Mpango wa Madrasa ulifika Zanzibar mwaka 1990 na Kampala mwaka 1993, na baadaye chekechea zake zikapita 200 katika Kenya, Tanzania na Uganda. Vyuo vya ualimu wa awali vya leo navyo viwatume wanafunzi wao kwa mabibi wa mitaani, wakiwa na daftari, kabla michezo kama mdako haijasahaulika.